Namna ya kuchagua mradi mgumu wa elektroniki ukiwa Mombasa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuwasha taa za LED kwa Arduino, akapima joto la chumba, akafungua geti kwa simu, na sasa kila mradi anaouona kwenye video unamchosha kabla hajaugusa. Vifaa anavyo, hamu anayo. Anachokosa ni kazi ya kumtoa jasho bila kumvunja moyo njiani.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili ukitaka kuupinga uupinge ukiujua. Mradi mgumu unaofaa una jambo moja jipya la kukushughulisha, si manne. Pia una hakimu wa nje: jibu sahihi liko mahali fulani mbali na meza yako, na kifaa chako kitalinganishwa nalo. Bila hakimu utapata kioo kinachoonyesha namba, nawe utaziamini kwa sababu ni zako. Mombasa mahakimu wamejaa. Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya Kilindini lipo, majina ya meli yameandikwa kwenye omo na tezi zake, na chumvi ya maji ya kisima chako inaweza kupimwa maabara ikajulikana.

Hatua ya 1: Jikague bila kujionea huruma

Chukua karatasi uandike stadi hizi, kila moja kwenye mstari wake: kulehemu vipande vidogo vinavyobandikwa juu ya bodi, kusoma datashiti ya chipu bila kusubiri mtu akueleze kwenye video, sakiti za analogi, yaani opampu (vikuza ishara) na vichujio, umeme wa nguvu, yaani mosfeti (swichi za kielektroniki), koili na betri, redio na antena, kuchora bodi yako mwenyewe, programu inayohesabu maikrosekunde, na kujenga kitu kinachokaa nje, juani na mvuani, miezi bila kuguswa.

Mbele ya kila mstari andika "nimefanya" au "nimeona", au acha wazi. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Kuunganisha moduli iliyokuja tayari hakukufundishi sakiti iliyo ndani yake. Kama umetumia moduli ya chaja ya betri ya lithiamu ukaweka waya nne tu, umeme wa nguvu bado "umeuona".

Sasa chagua mstari mmoja ulio wazi. Huo ndio ugumu wa mradi wako. Unaweza kuongeza mmoja wa "nimeona", basi. Mengine yote yanayohitajika yawe "nimefanya". Sababu yake utaiona siku kifaa kitakapogoma. Kama redio ni mpya kwako, betri ni mpya, bodi umeichora kwa mara ya kwanza na programu umeinakili, data ikikosa kufika hutajua pa kuanzia kutafuta. Ukiwa na jambo moja jipya, mkono unakwenda pale pale penye kosa.

Kuhusu swali ambalo watu hupoteza jioni nzima wakilibishania, yaani bodi ipi utumie, Arduino au ESP32 au Raspberry Pi Pico: tumia unayoijua. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, kumbuka tu kwamba Arduino Uno ya R3 hufanya kazi kwa volti 5 na ina kilobaiti 2 tu za RAM, huku ESP32 na Pico zikitumia volti 3.3, na pini zake zinaweza kuungua ukiziletea volti 5. Tusonge mbele.

Hatua ya 2: Tafuta kilicho karibu nawe

Mradi ulionakiliwa kutoka nchi yenye theluji hukuletea matatizo ya huko na kukunyima utajiri wa hapa. Zunguka mjini kwa jicho la fundi. Kuna bahari inayopanda na kushuka mara mbili kwa siku. Kuna meli zinazopita karibu na Mama Ngina kiasi cha kusoma majina yake kwa macho. Kuna ndege zinazoshuka uwanja wa Moi. Kuna visima vya maji ya chumvi, jua lisilo na mchezo, na umeme unaokatika. Haya yote yanapimika.

Kabla hujapenda wazo lolote, hakikisha chanzo chake bado kipo hai. Mfano mzuri ni picha za hali ya hewa kutoka setilaiti za zamani za NOAA kwenye masafa ya megahezi 137. Kwa miaka mingi huo ulikuwa mradi wa kwanza wa kila mpenda redio, na miongozo yake imejaa kila mahali. Lakini setilaiti tatu za mwisho, NOAA-15, 18 na 19, zilizimwa mwaka 2025. Ukifuata mwongozo wa zamani utajenga antena nzuri inayosikiliza ukimya, kisha utajilaumu bure.

Hatua ya 3: Linganisha wagombea

Nitakupa wanne ninaowaona wanafaa hapa kwetu. Wawili wa kwanza nawapa nafasi kubwa kwa sababu ndio ninaowapenda, sifichi.

Kusikiliza meli. Sheria za kimataifa za usalama baharini zinazitaka meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi zitangaze kwa redio namba yake ya utambulisho, mahali zilipo, mwendo na uelekeo. Mfumo huo unaitwa AIS, na unatumia masafa mawili ya VHF: megahezi 161.975 na 162.025. Taarifa hazijafichwa kwa msimbo wa siri, hivyo mpokeaji yeyote anaweza kuzisoma.

Njia rahisi ni kununua kile kipande cha USB kilichobuniwa kupokea televisheni ya dijitali, chenye chipu ya RTL2832U. Mwaka 2012 ilijulikana kwa wapenda redio kwamba chipu hiyo inaweza kugeuzwa kuwa redio inayosikia masafa mapana mno, na tangu hapo imekuwa lango la watu wengi. Ukikichomeka kwenye kompyuta na kuweka programu ya bure, meli zinatokea kwenye ramani. Hilo si gumu, na kama unaishia hapo basi hukuchagua mradi mgumu.

Ugumu unaanza ukiamua kipi utakitengeneza mwenyewe. Ukichagua antena, hesabu inaanza na urefu wa wimbi: gawanya 300 kwa 162 upate mita 1.85, robo yake ni sentimita 46, na ukipunguza asilimia 5 hivi kwa sababu ya tabia ya waya halisi unapata sentimita 44. Isimame wima, kwa sababu za melini pia zimesimama wima. Ukichagua kichujio, kazi yako ni kuzizuia stesheni za FM za mjini ambazo nguvu yake hukifunika kipokezi kidogo kama hicho. Ukichagua kusimbua, utaandika programu inayotoa biti 9,600 kwa sekunde kutoka kwenye sauti, inayoondoa biti za ziada zilizopachikwa, kisha inakagua hesabu ya CRC, ile ya kugundua makosa, mwishoni. Hiyo ya mwisho ni kazi ya mwezi kwa mtu wa jioni na wikendi, na ni mojawapo ya kazi chache ambazo kosa la biti moja linakukatalia ujumbe wote. Hakuna "karibu sawa".

Mahali unapokaa ni sehemu ya mradi. VHF huenda takriban kwa mstari wa macho. Kanuni ya kukadiria ni kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Jibu ni kilomita. Paa la ghorofa la mita 16 linakupa kilomita 16, na meli yenye antena kwenye kimo cha mita 36 inaongeza kilomita 25. Jumla ni kama kilomita 41, ukiwa na uwazi upande wa bahari. Mtu wa chumba cha chini Majengo, kuta pande zote, atasikia kidogo sana hata akiwa na vifaa vya bei mbaya. Kama mwenye nyumba hakuruhusu kupanda paani, afadhali ujue leo.

Hakimu wa mradi huu ni wa raha. Unashuka Mama Ngina, unaiona meli inapita, unasoma jina lake, unalitafuta kwenye orodha yako. Lipo au halipo.

Onyo moja: haya yote ni ya kupokea. Usirushe chochote kwenye masafa hayo, hata kwa majaribio. Ni mawasiliano ya usalama wa meli, na kurusha redio kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ukitaka kurusha kihalali, omba leseni ya redio ya ridhaa, upate alama ya wito inayoanza na 5Z.

Kipima maji ya bahari. Kifaa kinachopima kimo cha maji kila dakika chache na kutuma namba nyumbani. Kwa kusikia ni rahisi, na ndiyo maana nakipenda: kila sehemu yake inajulikana, lakini bahari haikubali kazi ya ovyo.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila mzunguko ukichukua kama saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Siku za maji mafu inapungua sana. Kwa hiyo sensa yako lazima ione mbali kuliko tofauti hiyo, tena ubakishe nafasi ya mawimbi.

Ukitumia sensa ya mwangwi isiyopitisha maji, kama JSN-SR04T, utakutana na mambo matatu. Kwanza haioni kitu kilicho karibu zaidi ya takriban sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo isimame juu zaidi ya maji makuu kabisa. Pili, kasi ya sauti hubadilika na joto: ni kama mita 331 kwa sekunde kwenye nyuzi 0, na huongezeka mita 0.6 kwa kila nyuzi. Kati ya alfajiri ya nyuzi 25 na kisanduku kilichochomwa na jua hadi nyuzi 35, umbali wa mita 3 utakudanganya sentimita 5. Pima joto la hewa na urekebishe kwenye programu. Tatu, mawimbi. Utahitaji ama kuchukua vipimo vingi na kutafuta cha katikati, ama kusimamisha bomba la PVC lenye tundu dogo chini ili maji ya ndani yatulie. Lakini ndani ya bomba sauti hugonga kuta na kurudi mapema. Hapo ndipo utakapotumia wiki zako.

Njia ya pili ni sensa ya mgandamizo iliyozamishwa. Kila mita ya maji ya bahari huongeza takriban kilopaskali 10. Utahitaji sensa nyingine ya hewa juu, kwa sababu badiliko la hektopaskali moja ya hewa ni kama sentimita moja ya maji. Inapima vizuri zaidi, ila kufunga waya wake usipitishe chumvi ni mradi ndani ya mradi.

Sasa jambo la mahali. Kisanduku chenye waya na taa inayomweka, kimefungwa kwenye nguzo karibu na kivuko cha Likoni, daraja la Nyali au ukuta wa bandari, kitaleta askari kabla hakijaleta data. Usijaribu. Nenda kwenye bandari ndogo ya wavuvi, uongee na mwenyekiti wa BMU, yaani kamati ya wavuvi ya ufuo huo. Msalimie, kaa, mweleze kifaa kitafanya nini na data ataionaje yeye. Au omba gati la hoteli au la jamaa mwenye kiwanja kando ya mkono wa bahari. Bandika juu ya kisanduku maandishi makubwa ya Kiswahili yanayosema ni nini, pamoja na namba ya simu. Wazee wa ufuoni, kwa taarifa yako, watakuwa hakimu mkali kuliko jedwali. Wanajua maji yanafika jiwe gani siku gani ya mwezi.

Kipimo cha chumvi ya kisima. Huyu ni wa mtu ambaye mstari wake wazi ni analogi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme zaidi, hivyo unapima upitishaji. Mtego ni kwamba ukitumia betri ya kawaida na elektrodi mbili, umeme unaokwenda upande mmoja huanza kuzila elektrodi na kutengeneza mapovu, na namba inahama huku unaitazama. Lazima utumie umeme unaogeuka upande, kilohezi moja hadi kumi hivi, kisha uunyooshe kwa makini bila kupoteza ishara ndogo. Joto nalo linaingia: upitishaji huongezeka karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi. Hakimu ni myeyusho wa kloridi ya potasiamu: gramu 0.746 katika lita moja ya maji safi yaliyotoneshwa hutoa maikrosimensi 1,413 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Mwalimu wa kemia mwenye mizani nzuri atakutengenezea. Maji ya bahari yenyewe, karibu milisimensi 53, ni mpaka wa juu. Faida ya ziada ni kwamba majirani watakuletea chupa za maji ya visima vyao, na utapata data kuliko ulivyoomba.

Chaja ya sola inayofuata kilele cha nguvu. Paneli inayouzwa kama ya "volti 12" hutoa nguvu nyingi zaidi ikiwa kwenye volti 17 au 18. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri, betri inaivuta chini na unapoteza robo ya nguvu au zaidi. Chaja ya MPPT hushusha volti na kupandisha ampea ili usipoteze. Utajifunza koili, mosfeti na namna ya kuziendesha, na utaunguza kadhaa, ni sehemu ya ada. Hakimu ni hesabu: wati zinazotoka gawanya kwa zinazoingia. Ukivuka asilimia 90 una haki ya kutamba. Anza na betri ya risasi au ya LiFePO4. Betri za kawaida za lithiamu zikipitishwa volti 4.2 kwa seli zinaweza kuwaka moto, na programu yako ya kwanza ya kudhibiti chaja itakuwa na kasoro.

Wapo wagombea ninaowaondoa kwa mtu anayefanya haya mara ya kwanza. Inveta ya volti 240 na ampu ya vali yenye volti 300 ndani zinaua. Ziache mpaka uwe na mtu mzoefu kando. Kama unataka kupima umeme wa nyumba, tumia klempu ya mkondo inayozunguka waya bila kuukata, kama SCT-013. Ile ya ampea 100 hutoa miliampea 50 na inataka rizista ya mzigo iwe imefungwa kabla ya kuibana kwenye waya wenye umeme. Droni nayo iache: kujenga unaweza, kuirusha kunahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, na karibu na uwanja wa ndege na bandari hutakipata kirahisi.

Hatua ya 4: Fanya jaribio la sehemu mbaya kabla hujanunua vyote

Hii ndiyo hatua ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Kila mradi una sehemu moja ambayo ikishindikana, mengine yote hayana maana. Ijaribu hiyo peke yake, mezani, kwa vifaa vya kuazima, bila kisanduku wala bodi nzuri.

Kwa meli, azima kipande cha USB, kata waya wa sentimita 44, panda paani, hesabu meli utakazopata kwa saa moja. Kwa kipima maji, weka sensa juu ya pipa, ujaze maji taratibu huku ukipima kwa rula, halafu usimamishe bomba na urudie. Kwa kipimo cha chumvi, tengeneza wimbi kwa pini ya maikrokontrola, lipitishe kwenye vijiti viwili vya chuma kisichoshika kutu ndani ya glasi, uone kama namba inatulia kwa dakika 10. Kwa chaja, jenga kishusha volti tu, bila akili yoyote, kiwashe balbu ya gari.

Kabla ya kuanza andika namba ya kufaulu: "meli 5 kwa saa", "kosa lisizidi sentimita 2". Ukiiandika baada ya jaribio, utaandika ile uliyoipata.

Jaribio likishindwa, kuna njia mbili. Ama umeona wazi kwa nini, basi rudia. Ama hujui kabisa kwa nini na huna kifaa cha kukuonyesha, basi mradi huo hukufaa kwa sasa. Uandike kwenye daftari, chukua unaofuata. Umepoteza wikendi moja, si miezi mitatu.

Hatua ya 5: Angalia vipuri na vifaa

Andika orodha, kisha zungushia kila kipande kisicho na mbadala. Rizista, kapasita, waya, vizibo na mabomba vinapatikana mjini. Mafundi wa televisheni na simu wana hazina: bodi za UPS zilizokufa zina transfoma na mosfeti, printa za zamani zina mota na vijiti vya chuma. Ongea nao vizuri na ununue kwa uzito. Moduli na maikrokontrola mara nyingi utaagiza kutoka Nairobi, Luthuli na maduka ya mtandaoni, na mzigo unashuka na basi la usiku hadi Mwembe Tayari. Chipu za pekee zinatoka China, na hapo unahesabu wiki, wala huwezi kurudisha.

Nunua viwili vya kila kitu, na vitatu vya kila kinachoungua. Jihadhari na bidhaa bandia. Betri ya 18650 iliyoandikwa miliampea-saa 9,900 ni uongo mtupu. Za kweli nyingi huishia kwenye 3,500 hivi, na ikiwa nyepesi sana mkononi usiilipie. Sensa za joto za DS18B20 nazo zimejaa za kuiga.

Kwa vifaa, huwezi kukwepa mita nzuri na chuma cha kulehemu chenye kidhibiti cha joto. Risasi ya kulehemu ya 63/37, yaani asilimia 63 bati na 37 madini ya risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 na inasamehe mkono mchanga kuliko ile isiyo na madini ya risasi, inayotaka nyuzi 217 na zaidi. Fungua dirisha na unawe mikono baadaye. Kichanganuzi kidogo cha mantiki cha chaneli 8 ni cha bei rahisi na kitakuonyesha kila biti inayopita. Osiloskopu, mashine inayochora umbo la ishara, utaihitaji kweli kwa kipimo cha chumvi na kwa chaja. Kwa miradi mingine miwili unaweza kuishi bila. Kabla ya kununua, uliza kama unamjua mwanafunzi au mwalimu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Saa mbili kwenye maabara na mtu anayeijua mashine zina thamani kuliko osiloskopu yako mwenyewe usiyoielewa. Na kama huna ugavi wa umeme wenye kikomo cha ampea, funga balbu ya gari ya volti 12 kwa mfululizo: kukitokea shoti, itawaka balbu badala ya bodi yako.

Hatua ya 6: Ihesabu chumvi tangu mwanzo

Mwongozo wa mtu wa bara hautakuambia haya. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na bodi iliyokaa vizuri Nakuru itaota ukoko wa kijani hapa. Safisha mabaki ya fluksi kwa spiriti ya isopropili kabla ya kitu kingine, maana huvuta unyevu. Kisha paka bodi vanishi ya kulinda sakiti, ukiziba kwanza soketi na sensa. Rangi ya kucha isiyo na rangi inafanya kazi kwenye eneo dogo ukikosa vanishi.

Silikoni ya kuziba: kama inanuka siki, ni ile inayotoa asidi na itakula shaba ndani ya kisanduku chako. Tafuta iliyoandikwa "neutral", yaani isiyotoa asidi. Usijaribu kuziba kisanduku kabisa. Hewa hujipenyeza ikibadilika joto, na unyevu ukiingia hautoki. Toboa tundu dogo chini, liwekee wavu wa kuzuia wadudu. Waya zote ziingie kutoka chini na ziwe zimepinda kwanza, ili maji yadondoke kabla ya kufika. Kisanduku kiwe cheupe. Kapasita za elektroliti hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila ongezeko la nyuzi 10, na ndani ya kisanduku cheusi chenye jua la Januari nyuzi hizo zinapatikana bila taabu.

Hii inagusa uchaguzi wako moja kwa moja. Kama "kukaa nje" ni mstari ulio wazi kwenye karatasi yako na redio pia ni wazi, usichague kipima maji kinachotuma kwa redio ya mbali. Hifadhi data kwenye kadi ya kumbukumbu, uichukue kila Jumamosi. Redio itakuja toleo la pili.

Hatua ya 7: Andika ukurasa mmoja, kisha amua

Ukurasa una mambo manne tu: kifaa kitapima au kupokea nini, namba ya kufaulu, hakimu ni nani, na tarehe ya kusimama kutazama tena. Toleo la kwanza liwe kwenye bodi ya matundu. Usichore bodi ya kiwandani kabla ya sakiti kufanya kazi siku saba mfululizo. KiCad, programu ya kuchora bodi, ni ya bure na viwanda vya Shenzhen vinakutengenezea bodi tano ndogo kwa bei ambayo usafiri huizidi, lakini kosa lililochapishwa mara tano bado ni kosa.

Ukibaki na wagombea wawili sawa, chukua ule ambao kipande chake kisicho na mbadala kipo Kenya leo. Kama vyote vipo, tazama unapokaa. Mwenye paa refu upande wa bahari achukue meli. Mwenye kisima uani achukue chumvi. Ambaye umeme wake unakatika kila wiki achukue chaja, kwani ataitumia hata ikiwa mbaya. Na aliye na jamaa mvuvi achukue kipima maji, ila apange wiki ya kwanza ya vipimo iangukie bamvua: kifaa kinachopima vizuri maji mafu peke yake hakijajaribiwa, na sensa iliyofungwa chini mno itazama siku hiyo hiyo, kabla hajakiacha hapo msimu mzima.